Kadi, Karai na Simu: Mchango Unavyohamia Kiganjani Meru na Embu

Mamangu alihifadhi kadi moja ya harambee ndani ya Biblia yake kwa zaidi ya miaka 20. Ni kadi ya karatasi ngumu ya manjano, yenye muhuri wa kanisa, na ndani ina mistari 30 na safu nne: namba, jina, ahadi, taslimu. Alikuwa amepewa azunguke nayo kijijini, upande wa Kangaru nje kidogo ya mji wa Embu, akusanye pesa za kumalizia darasa. Wa kwanza aliandika shilingi 200. Kila aliyefuata alisoma kwanza kabla ya kushika kalamu. Aliyekuja na 50 akakuta jirani ameandika 100 alirudi ndani kutafuta 50 nyingine, na aliyekuta jirani ameandika 20 hakuona haja ya kujitesa.

Mwaka jana niliingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kuchangia bili ya hospitali ya mtu tuliyesoma naye. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa orodha: namba, jina, kiasi, tiki ya kijani. Safu ni karibu zilezile. Nikajikuta nikisoma wengine wametoa ngapi kabla sijafungua M-Pesa.

Wanaozungumzia teknolojia na utoaji hugawanyika pande mbili. Kuna wanaosema simu imewafanya Wakenya wawe wakarimu zaidi, na kuna wanaosema imeua utu wa kukutana uwanjani na kushikana mikono. Mimi naona pande zote mbili zinatazama moyo wa mtoaji, na moyo haujabadilika sana. Kutoa kwetu siku zote kumekuwa kutoa mbele ya macho ya watu. Kilichobadilika ni macho yenyewe: nani anaona, anaona akiwa wapi, na anachokiona kinakaa muda gani kabla ya kusahaulika.

Neno harambee limeandikwa kwenye ngao ya taifa, na Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa nchi mpya mwaka 1963. Kwenye miteremko hii ya mashariki ya Mlima Kenya mwito huo ulikuta kahawa na majani chai, na pamoja navyo ukakuta vyama vya ushirika vyenye daftari la kila mkulima na kilo zake. Daftari hilo, ukiniuliza, ndilo lililokuwa mtambo wa kwanza wa mchango huku kwetu. Pesa za darasa zilikatwa kwenye malipo ya kahawa kabla mkulima hajaziona. Ambako hakukuwa na kahawa alikuwako chifu, na wazee bado wanasimulia kuku waliobebwa na askari kwa sababu mwenye nyumba hajalipa mchango wa shule. Kwa hiyo anayelilia hiari ya zamani asisahau kwamba hiari ile ilitembea na fimbo. Shule zilijengwa, hilo halina ubishi. Sekondari nyingi za harambee za miaka ya 1960 na 1970 ziliinuka kwa njia hiyo, jiwe kwa jiwe, kutoka Runyenjes hadi Nkubu.

Juu ya daftari na kuku alikaa mgeni wa heshima. Jackson Angaine wa Meru na Jeremiah Nyagah wa Embu, wote mawaziri wa enzi ya Kenyatta, waliishi katika siasa ambayo uzito wa kiongozi ulipimwa kwa kiasi kilichosomwa kwenye kipaza sauti jina lake lilipoitwa. Karai liliwekwa mezani, kina mama wakaimba, kuku mmoja akapigwa mnada mara nne na kurudishwa mara nne, na mkungu wa ndizi ukauzwa kwa bei ya mbuzi. Halafu zikatajwa ahadi. Nyingine zilikuja kulipwa na nyingine zilikuwa hundi za kurudi. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimeona, na aliyeahidi bila kulipa aliitwa jina lake akiwa bado anatembea sokoni.

Waswahili husema kutoa ni moyo, si utajiri. Wameru wana namna nyingine ya kulitazama jambo hilo, nayo ni gichiaro: undugu wa kiapo kati ya ukoo na ukoo, ambapo mtu wa upande wa pili akikuomba kitu humkatalii, na ukimkatalia unajua kuna laana inayosubiri. Vijana wa mjini hucheka wakisimuliwa. Lakini wapo wenye magari makubwa ambao bado huzunguka njia ndefu wasikutane na ndugu wa gichiaro siku waliyonunua kitu kipya. Nalitaja hili kwa sababu husaidia kuelewa kinachotokea ndani ya simu. Kikundi cha WhatsApp kinapofunguliwa nawe ukaingizwa bila kuulizwa, kinakujia kwa sura ya ombi lisilokatalika. Tofauti ni kwamba gichiaro ina mipaka inayojulikana, ya koo zinazojulikana. Simu haina mipaka hiyo. Mtu mmoja aliyehifadhi namba yako anatosha.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na kazi yake ya kwanza, kama tangazo lake lilivyosema, ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Haikuchukua muda watu kugundua kwamba nyumbani ni pamoja na matanga. Kabla yake, mtu wa Maua anayefanya kazi Mombasa alisikia msiba kupitia redio, kwenye matangazo ya vifo ya jioni, au kwa simu ya jirani, naye akatuma bahasha kwa dereva wa matatu au kondakta wa basi. Bahasha ilifika, wakati mwingine ikiwa nyepesi kuliko ilivyoondoka. Baadaye zikaja redio za lugha zetu, Muuga FM na Weru FM kwa Kimeru, Wimwaro FM kwa Kiembu, na mtangazaji akaanza kusoma namba ya simu mwishoni mwa tangazo. Tarakimu kumi. Mama aliyekuwa akiosha vyombo alikimbia kutafuta kalamu.

Mwaka 2011 nchi nzima ilionja nguvu ya jambo hili. Kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyoanzishwa mwishoni mwa Julai wakati wa njaa ya kaskazini, ililenga shilingi milioni 500 na ikapita lengo katika wiki chache tu, pesa ndogondogo za simu zikiwa sehemu yake. Lakini mimi navutiwa zaidi na jambo dogo lililotokea kimyakimya vijijini: mtoaji wa shilingi 100 alipata mlango. Uwanjani, mtu wa shilingi 100 hakuitwa kwenye kipaza sauti. Alipita mbele ya karai kwenye msururu, akadondosha noti yake, akarudi kusimama chini ya mti. Kwenye orodha ya simu anapata namba yake na jina lake. Na kwa kuwa kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa hakutozwi ada, mia moja imegeuka kuwa kiwango cha heshima cha asiye nacho. Ukitazama orodha yoyote ya michango ya Embu utaona mia hizo zimepangana kama mahindi kwenye gunzi.

Hapohapo kuna jambo lisilozungumzwa. Anayevuka mia akatuma 200 anakatwa shilingi 7. Anayetuma 50,000 anakatwa 108. Piga hesabu: wa kwanza amelipa asilimia tatu na nusu ya sadaka yake ili imfikie mgonjwa, wa pili amelipa kama asilimia 0.2. Karai halikutoza ada. Ushuru wa serikali kwenye ada za kutuma pesa ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023, na hakuna aliyeuliza itakuwaje kwa anayechangia jeneza. Ndiyo maana utaona mtu katuma 100 asubuhi na 100 jioni. Ukimwita mchoyo utakuwa umekosea, maana amekaa na kalamu akapiga hesabu.

Kalenda nayo imevurugika. Harambee ya zamani ilijua msimu. Hakuna aliyepanga mchango mwezi wa njaa. Kamati ilisubiri malipo ya kahawa au bonasi ya chai ya Oktoba, na huko Igembe ilitazama soko la miraa kwanza. Uingereza ilipoipiga miraa marufuku mwaka 2014, na Somalia ikafunga mlango wake kutoka 2020 hadi 2022, kila kamati ya kanisa la Nyambene ilijua isogeze tarehe. Ombi la simu haliwezi kungoja, kwa sababu mara nyingi ni la mgonjwa aliye kitandani au mwili ulio mochari, na kila siku ina bei yake. Linakukuta tarehe 23 mfukoni mkiwa mtupu. Hapo ndipo Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa ulioanza Januari 2019, umeingia kwenye utoaji kwa namna ambayo sidhani walioibuni waliifikiria. Watu wanakopa ili watoe. Niliwahi kumuuliza jirani yangu, mwanamke mwenye ng'ombe wawili na deni la chakula chao, kwa nini amechangia kwa Fuliza. Alinitazama kama mtu asiyejua kusoma. "Orodha ilikuwa imefika themanini na kitu," alisema, "na jina langu halipo."

Ngoja tukae kidogo kwenye orodha hiyo, kwa sababu ndiyo karai la sasa. Inaanza na mweka hazina, ambaye kwa kawaida ni mwalimu au mtu wa benki, anayeandika: moja, mbili, tatu. Anayechangia anainakili yote, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Watu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, mmoja anamfuta mwenzake bila kujua. Saa mbili usiku utasoma ujumbe wa upole uliobeba hasira: "Mweka hazina, naona jina langu limeruka." Wengine hubandika ujumbe wa M-Pesa wenyewe kama ushahidi, na kabla ya kubandika hufuta mstari wa mwisho, ule wa salio. Siku moja mheshimiwa fulani wa kikundi chetu alisahau kuufuta. Tukaona ametoa 200 na amebaki na 84,000. Hakuna aliyesema neno. Kikundi kilikaa kimya dakika kumi nzima, kimya ambacho hata uwanjani sijawahi kukisikia, kisha mtu akaandika amina.

Kutoka kwenye kikundi pia kulikuwa tukio la hadhara. Jina lako lilitajwa kwamba umeondoka, na mazishi bado. Tangu 2022 WhatsApp humjulisha admini peke yake, na idadi ya wanaoruhusiwa katika kikundi kimoja imepanda kutoka 256 hadi 1,024. Mabadiliko haya mawili, yaliyofanywa Marekani kwa sababu za wenye WhatsApp, yamegusa maisha ya kamati za mazishi za Manyatta na Mikinduri kuliko sera nyingi za kaunti. Zamani kamati ilifungua kikundi cha pili kile cha kwanza kiliposhiba. Siku hizi kikundi kimoja kinatosha, ila ukiwa mmoja kati ya elfu moja hujisikii kuonwa, na asiyeonwa hutoa kidogo au hatoi. Kikundi cha watu 60 kutoka darasa moja hukusanya haraka kuliko cha watu 700 kilichoitwa marafiki wa familia.

Hapo ndipo nafikia jambo linalonisumbua zaidi. Simu huwakusanyia vizuri watu ambao tayari wana watu. Mwalimu aliyesoma chuo, akaimba kwaya, akakaa kwenye chama cha akiba, ana vikundi vitano vya kumbeba siku anapougua. Kibarua wa kuchuma miraa Laare, au mama wa Mbeere anayeuza mkaa kando ya barabara ya Kiritiri, ana namba 15 kwenye simu ya vibonye, na wenye namba hizo ni maskini kama yeye. Wakati wa harambee ya uwanjani huyu wa pili alikuwa na bahati moja: kijiji kilikuwa kimoja. Tajiri wa pale na maskini wa pale walisimama mbele ya karai lile lile, na tajiri aliona aibu kumwacha. Siku hizi tajiri yule ana vikundi vyake vya Nairobi, vya shule aliyosoma, vya watu wa kanda yake walio ng'ambo. Bado anatoa, pengine kuliko zamani. Ila anatoa kwa watu wa namna yake.

Usifikiri haya ni ya kukisia. Kaunti hizi mbili zina vipande viwili vya ardhi vyenye maisha mawili. Juu kuna chai, maziwa na mvua. Chini, Mbeere kwa upande wa Embu na Meru Kaskazini kwa upande wa pili, ni nchi ambayo Mamlaka ya Kudhibiti Ukame huihesabu pamoja na kaunti kame za Kenya. Misimu mitano ya mvua iliyokosa kati ya 2020 na 2023 iliwakuta huko watu ambao hakuna orodha ya WhatsApp iliyoandikwa kwa ajili yao. Waliofika ni Msalaba Mwekundu na serikali, na mara nyingi walifika nao kupitia simu. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi zilikuwa zikifuatwa kwa wakala wa benki, mzee akikodi bodaboda kwa sehemu ya pesa hizohizo. Sasa wengine hupokea kwa simu. Hapo teknolojia imefanya kazi ya haki kabisa, nami naisifu. Lakini tazama nani anatoa: dola na mashirika. Mchango wa mtu kwa mtu, ule tunaojivunia kwamba ndio Ukenya wetu, haukuteremka mlima.

Kanisani mambo yamekwenda njia nyingine. Kapu la sadaka lilikuwa mahali pekee ambapo mtu wa kwetu aliweza kutoa bila kuonwa. Mkono uliingia umefumbwa ukatoka umefumbuliwa, na Mungu akabaki shahidi. Machi 2020 makanisa yakafungwa kwa sababu ya korona, mazishi yakawekewa ukomo wa watu 15, na Safaricom ikaondoa ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 kwa miezi kadhaa. Kufika mwisho wa mwaka karibu kila kanisa lilikuwa na namba yake ya Paybill, imechapishwa kwenye bango kando ya madhabahu. Haikuondoka milango ilipofunguliwa. Leo mhasibu wa parokia anaweza kukuchapia ulichotoa mwaka mzima, Jumapili kwa Jumapili. Wakatoliki watasema kadi ya zaka ilikuwepo zamani, na ni kweli. Lakini zaka ni wajibu na sadaka ya kapu ilikuwa siri, na sasa vyote viwili vimo kwenye jedwali moja. Mzee mmoja wa kanisa letu bado hutia noti ndani ya kapu, na akiulizwa husema simu yake haina chaji. Simu yake ina chaji.

Wanasiasa nao hawakukwepa macho ya watu. Julai 2024, baada ya vijana kujaza barabara, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena harambee. Marufuku kama hiyo tayari ilikuwa na mizizi kwenye Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, inayokataza afisa kutumia ofisi yake kuchangisha. Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alirudisha mamilioni ambayo Rais mwenyewe alikuwa ametoa kwenye kanisa la Soweto. Kabla ya hapo upande wa pili wa simu ulikuwa umeonyesha kitu ambacho hakuna mheshimiwa aliyewahi kukifanya: mwanahabari Hanifa Adan alifungua mchango kwenye jukwaa la M-Changa kwa ajili ya waliojeruhiwa na familia za waliouawa kwenye maandamano hayo ya vijana, na ukafika karibu shilingi milioni 30, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakujuana. Hakukuwa na mgeni wa heshima wala mnada wa kuku. Na kila siku alitakiwa aeleze pesa zimekwenda hospitali gani, na akaeleza. Hebu nitajie harambee ya uwanjani iliyowahi kudaiwa hesabu hivyo.

Meru ina hadithi yake, na haina sura moja. Kawira Mwangaza alijulikana kwa Okolea, mpango wa kuwagawia maskini ng'ombe wa maziwa na kuwajengea nyumba, ulioonyeshwa kwenye Baite TV. Ulimfikisha mbali: mwaka 2022 alichaguliwa gavana bila chama, akiwashinda vigogo wenye fedha. Ni kamera iliyomfanyia kazi ambayo kipaza sauti cha uwanjani kilimfanyia Angaine. Lakini kamera na Paybill vina kumbukumbu. Ubishi ukazuka juu ya wapi hisani inaishia na wapi kazi ya kaunti inaanzia, na kati ya tuhuma zilizopelekwa Seneti dhidi yake Agosti 2024 kulikuwa na moja ya michango ya simu iliyokusanywa kwa ajili ya familia ya mwanablogu aliyeuawa Desemba 2023. Mwangaza alizikana tuhuma zote. Seneti ilimwondoa, na Mahakama Kuu ikaidhinisha uamuzi huo Machi 2025. Usahihi wa kila tuhuma nawaachia wanasheria. Mimi natazama kwamba gavana mzima alishtakiwa, pamoja na mambo mazito zaidi, juu ya mchango wa matanga. Mwaka 1974 jambo hilo lingeishia kwenye kibuyu cha pombe.

Wako pia waliotoa bila kuonwa kabisa, na historia ya hapa inawakumbuka. Giuseppe Argese, bruda wa shirika la Wakonsolata kutoka Italia, alitumia miongo kadhaa kuyavuta maji ya msitu wa Nyambene hadi vijiji vikavu vya chini kupitia mradi wa Tuuru. Wameru walimwita Mukiri, mtu mkimya. Sehemu ya pesa zake ilitoka kwa waumini wa Italia ambao wengi wao hawakuuona mfereji hata siku moja. Waliamini barua na picha chache. Siku hizi barua hiyo ni video ya dakika mbili, na ndugu zetu wa ng'ambo, ambao kwa hesabu za Benki Kuu walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, wanataka kuona bomba likitoa maji kabla ya kutuma awamu ya pili. Wana haki. Hata hivyo najiuliza kama Mukiri angemaliza kazi yake huku akiombwa video kila Ijumaa.

Na kuona kuna gharama yake, ambayo hulipwa na anayesaidiwa. Mgonjwa wa zamani alijulikana kijijini, na aliyemsaidia alijua pia mlango wa nyumba yake. Mgonjwa wa leo anapigwa picha akiwa na mrija puani, kifua wazi, jina na kijiji chini yake, na picha inazunguka. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini anayetafuta laki tatu kabla ya Jumatatu hana muda wa kuisoma, na kamati inajua kwamba picha isiyoumiza haileti pesa. Nimemfahamu mama mmoja wa huku aliyemzika mtoto wake baada ya mchango uliokwenda vizuri tu. Miaka miwili baadaye picha ya mtoto yuleyule ikamfikia kwenye simu kutoka kikundi kingine, ikiwa na jina jingine na namba ya mtu asiyemjua, ikiomba pesa za upasuaji. Alinionyesha akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alitaka kujua tu kama kuna mahali pa kwenda kuiomba picha irudi.

Udanganyifu wa namna hiyo ni sehemu ya sababu macho ya watu yamekuwa makali. Mimi mwenyewe nimewahi kutuma 1,000 kwa mtu aliyeiteka akaunti ya mchungaji, kwa sababu ujumbe uliandikwa kwa upole wa kichungaji. Jina linaloonekana kabla ya kutuma husaidia, ukilisoma. Mimi sikulisoma. Kamati nyingi bado hukusanya kwenye laini ya mtu binafsi, na laini ina ukomo: haiwezi kubeba zaidi ya shilingi 500,000, hivyo mchango mkubwa humwagikia kwenye laini ya pili, ya mke wa mweka hazina, na hapo maneno huanza. Sheria tuliyo nayo juu ya michango ya umma ni ya 1960, ya wakati wa makopo na leseni za mkuu wa wilaya. Mswada mpya ulifikishwa Seneti mwaka 2024. Kwa maoni yangu dawa iliyo karibu ni rahisi kuliko mswada: pesa za mgonjwa ziende moja kwa moja kwenye Paybill ya hospitali kwa namba ya mgonjwa, na kamati ibaki na kazi ya kuomba, si ya kushika. Hospitali kadhaa za huku tayari zinaliwezesha hilo. Kinacholikwamisha ni kwamba wachangiaji hawauoni mchango ukiingia, jina lao halitokei kwenye orodha, na ukimwambia mtu atume kimya kwa hospitali atakuuliza: nani atajua kwamba nimetuma?

Kikundi chetu cha yule tuliyesoma naye kilifungwa Alhamisi moja saa tatu usiku. Siku hiyo bibi yake mzaa mama alikuwa amepanda kutoka chini, Siakago, na gari la asubuhi. Hana simu. Alikuja na debe la ndengu, akaliweka mezani nyumbani kwa mweka hazina, akasema ni lake la mchango, akanywa chai akaondoka kabla jua halijawa kali. Mweka hazina ni kijana mwangalifu. Aliandika kwenye orodha: 113, Cucu, ndengu debe moja. Kisha akaishiwa, kwa sababu safu ya kiasi inataka namba na hesabu ya chini haijumlishi ndengu. Akauliza kikundi aandike shilingi ngapi. Mmoja akasema bei ya soko la Ishiara, mwingine bei ya Embu mjini, wa tatu akasema tulipige mnada. Likaanzia 2,000. Ilipofika saa tatu lilikuwa limefika 11,500, limenunuliwa mara tano na kurudishwa mara tano, na debe lenyewe lilikuwa bado pale mezani, limefunikwa kwa leso.